Saa ya mashine pepe itafutiwe chanzo, isisukumwe tu

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya teknolojia imemjibu msomaji ambaye seva yake ya Linux, iliyo ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), haishiki majira. Jibu lilikuwa fupi: aweke kazi ya cron (kipangaji cha kazi za wakati maalumu) itakayoita kila saa ntpdate, programu inayoiweka saa sawa na ya mtandao, kisha asahau. Naomba nafasi niupinge ushauri huo. Kusimamia seva za aina hii ndiyo kazi inayonilisha, na nimeuona ushauri huohuo ukimfikisha mtu asiye na hatia mbele ya wakaguzi wa hesabu.

Mtu huyo alikuwa karani wa malipo katika ofisi ambayo sitaitaja. Mfumo wao ulikaa katika mashine pepe moja, na kila ombi la malipo lilipigwa muhuri wa muda mara mbili: linapoingia na linapoidhinishwa. Wakaguzi wakakuta maombi yaliyoidhinishwa kabla ya kuombwa. Mojawapo liliingia 10:59:50 na kuidhinishwa 10:59:35. Kwa macho ya mkaguzi, hapo kuna mtu aliyeingia kwenye hifadhidata na kuchezea kumbukumbu. Dada yule akatakiwa aandike maelezo. Angeandika nini? Alipokea ombi, akalipeleka kwa mkubwa wake, mkubwa akabonyeza kitufe. Basi.

Nilipoitwa kuangalia, niliikuta cron ileile mliyoipendekeza. Saa ya mashine ilikuwa inakimbia, ikijiongezea takriban sekunde 40 katika kila saa moja. Ilipofika 11:00:00 kwa hesabu yake yenyewe, ntpdate iliuliza kwenye mtandao, ikaambiwa ukweli, ikaivuta saa nyuma hadi 10:59:20. Ombi lilikuwa limeingia sekunde kumi kabla ya kuvutwa huko, na idhini ikatolewa sekunde kumi na tano baadaye. Rekodi zote mbili ziliandikwa kwa uaminifu na programu isiyo na kasoro. Kilichozigeuza kichwa chini miguu juu ni ile amri ya kila saa.

Nieleze kwa nini saa ya mashine pepe huharibika upesi kuliko ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi ina vyombo vyake vya kuhesabia muda. Kuna kile cha kale kinachopiga mara 1,193,182 kwa sekunde, kuna kipima muda cha ACPI (Linux hukiita acpi_pm) chenye mapigo 3,579,545 kwa sekunde, kuna kingine kiitwacho HPET, na kuna TSC, yaani kaunta iliyo ndani ya prosesa. Mashine pepe haina hata kimoja kilicho chake. Vyote huvipata kwa mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayoibeba, vingine vikiwa vya kuigiza tu, na mwenyeji ana wageni wengi, yaani mashine pepe, wa kuhudumia. Mgeni akiondolewa kwenye prosesa kwa robo sekunde ili mwenzake apate zamu, hajui kama ameondolewa. Ni kama mtu aliyewekwa kando ya barabara kuhesabu magari huku kuna mkono unaomfumba macho mara kwa mara: atahesabu kwa bidii zote, na jumla yake itakuwa pungufu.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu keneli, yaani kiini cha mfumo, ilijua muda kwa kuhesabu mapigo ya kipima muda. Linux 2.4 kwenye kompyuta za kawaida ilitaka mapigo 100 kwa sekunde. Ilipokuja 2.6 yakapandishwa hadi 1000. Wageni kumi waliokaa bila kazi yoyote walimdai mwenyeji mapigo 10,000 kila sekunde, na yale aliyoshindwa kuyafikisha yalipotea pamoja na muda wake. Mwaka 2005, katika 2.6.13, kiwango cha kawaida kikashushwa hadi 250, na mwaka 2007 toleo la 2.6.21 likaleta keneli isiyohitaji mapigo inapokuwa imetulia. Baadaye wageni wa KVM, mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, wakapata kvm-clock: mwenyeji huandika habari za muda katika ukurasa wa kumbukumbu, mgeni anausoma na kujumlisha na TSC. Hakuna tena kubahatisha.

Nimeirudia historia hiyo kwa sababu dawa za enzi zile bado zinazunguka. Mtu anakuta ushauri wa keneli ya miaka ishirini iliyopita, anaunakili kwenye mstari wa kuwashia mashine, na unabaki humo mashine ikinakiliwa kizazi baada ya kizazi. Nimekutana na notsc, nimekutana na clocksource=acpi_pm, nimekutana na divider=10, na mara nyingi aliyeiandika alishahama kazi. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachosoma kwenye mashine yenye saa mbovu ni /proc/cmdline, faili inayoonyesha mstari huo wa kuwashia.

Katika ofisi ile ndiko jibu lilikokuwa. Mstari ulikuwa na neno no-kvmclock. Keneli ilikuwa imekatazwa kumsikiliza mwenyeji, ikabaki kujipimia TSC yenyewe wakati wa kuwaka, kwa kuilinganisha na kipima muda cha kuigiza, na kumbe wakati huo mwenyeji alikuwa amezidiwa na kazi. Dmesg, yaani logi ya keneli, iliandika kwamba prosesa ni ya takriban 2374 MHz. Prosesa ya mwenyeji ilikuwa ya 2400. Gawanya uone: tofauti ni asilimia 1.1, na asilimia 1.1 ya sekunde 3600 ni hizo sekunde 40 ninazozisema. Tulipolifuta neno lile na kuwasha upya, /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource ikasema kvm-clock, na mbio zikakoma. Kijana tunayefanya naye kazi alikuwa amekaa mchana kutwa na chronyc tracking mbele yake, amri inayoonyesha saa inakosea kiasi gani, akaniita: “Mama, njoo uone, haisogei.”

Cron ya ntpdate isingeweza kamwe kumwonyesha mtu haya. Hapa ndipo hasa ninapotofautiana na safu yenu. David Mills alipochapisha maelezo ya kwanza ya itifaki ya NTP, ambayo kompyuta huitumia kuulizana saa mtandaoni, mwaka 1985, na katika miaka yote aliyoiendeleza hadi alipofariki Januari 2024, wazo halikuwa kunakili saa ya mwingine. Wazo ni kuiadabisha saa uliyonayo: kupima inakosea kwa kasi gani, kuirekebisha kasi hiyo taratibu, na kuendelea kuipima. Programu ya ntpd, inayofanya kazi hiyo muda wote, huandika kipimo hicho kwenye faili, na mwenzake chrony vilevile. Namba hiyo ni utambuzi wa ugonjwa. Ntpd hukubali kurekebisha kasi hadi sehemu 500 kwa milioni, sawa na sekunde 43.2 kwa siku. Saa ya ofisi ile ilikuwa inazidi kwa sekunde 960 kwa siku, zaidi ya mara 20 ya mpaka huo. Anayeona namba kama hiyo anajua papo hapo kwamba tatizo haliko kwenye mtandao wala kwenye seva za NTP; limo ndani ya mashine, kwenye chanzo cha muda. Ntpdate ya kila saa haipimi kasi wala haikumbuki lolote. Wenye mradi wa NTP wenyewe walishasema siku nyingi kwamba imepitwa na wakati.

Kuna watakaosema kuivuta saa sekunde chache si kitu. Usiku wa tarehe 30 Juni 2012 dunia iliongeza sekunde moja ya ziada kwenye saa zake. Keneli nyingi za Linux ziliiongeza sekunde hiyo bila kuviarifu vipima muda vya ndani, na programu zilizokuwa zikisubiri kwa muda maalumu zikawa zinaamshwa papo kwa papo bila kukoma. Seva zikapanda hadi asilimia 100 ya prosesa. Ilikuwa sekunde moja tu, tena iliyotangazwa mapema. Sasa fikirieni hifadhidata inayorudishwa nyuma sekunde 40 mara 24 kwa siku.

Msomaji wenu hakuambiwa pia kwamba saa mbovu huwa na sura tofauti, na kila sura ina chanzo chake. Ikikosea kwa saa kamili, mbili au tatu au nane, bila hata dakika kuzidi, hapo hakuna kilichopotea. Mwenyeji anampa mgeni saa ya mahali, mgeni anaichukulia kuwa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Amri ya timedatectl inaonyesha RTC, yaani saa ya vifaa, imewekwaje. Kwenye libvirt, zana ya kusimamia mashine pepe, utaona neno offset kwenye mpangilio wa saa, na VirtualBox ina kisanduku chake cha UTC. Rekebisha upande mmoja, si pande zote mbili.

Ikiruka ghafla na kubaki nyuma, uliza mashine ililazwa lini. Hii ndiyo sura ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayowasumbua watu wengi. Mashine pepe inasimamishwa ili inakiliwe, au inahamishwa kwa mwenyeji mwingine, au inarudishwa kwenye hali iliyohifadhiwa wiki iliyopita. Ikiamka inaendelea pale ilipoishia. Watumiaji wanaanza kulalamika: namba za siri za kuingilia zinakataliwa, kwa kuwa kila moja huishi sekunde 30 tu; Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji) inagoma, kwa kuwa kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5; vyeti vya usalama vinaambiwa havijaanza kutumika. Msimamizi anasema, lakini mbona nina ntpd? Ndiyo, alikuwa nayo. Ntpd ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000 huandika ujumbe mmoja kwenye logi na kujizima. Inahitaji tinker panic 0 juu kabisa ya faili ya mipangilio ili isifanye hivyo.

Chrony haijizimi, lakini nayo ina desturi yake. Distro (mikusanyo ya Linux) nyingi huja na mstari makestep 1.0 3, maana yake ruhusa ya kurusha saa mara moja ipo katika masahihisho matatu ya mwanzo tu. Baada ya hapo itaivuta kidogo kidogo, na mwendo wake wa juu wa kawaida ni sehemu moja ya kumi na mbili ya muda unaopita. Mashine iliyolala saa moja itahitaji saa 12 kufika, na iliyolala usiku mzima itahitaji siku kadhaa. Ukiandika makestep 1 -1 unairuhusu kuruka wakati wowote, na kwa mashine zinazolazwa mara kwa mara mimi hufanya hivyo. Kwa mashine ya hifadhidata sifanyi. Hiyo naizuia isilazwe kabisa, au huduma zake zinazimwa kabla ya kulazwa na kuwashwa baada ya saa kukaa sawa. Hili linataka mtu afikirie kila mashine na kazi yake, na ndiyo maana nasikitika linapofupishwa kuwa mstari mmoja wa cron.

Kuna saa inayokwenda kama msumeno: inapanda, inashuka ghafla, inapanda tena. Hiyo ina mabwana wawili. Zana za VMware zinaweza kuirekebisha saa ya mgeni, Guest Additions za VirtualBox pia, na ndani ya mgeni kuna chrony inayojaribu kupima kasi ya saa ambayo mwingine anaishika bila kumwambia. Chagua mmoja. Kwa VMware, vmware-toolbox-cmd timesync status itakwambia kama ipo kazini, na disable itaizima.

Sura inayonikera kuliko zote ni ile ambayo saa iko sahihi kabisa lakini mashine imekuwa nzito. Watu wanaongeza kumbukumbu, wanaongeza prosesa, wanalaumu hifadhidata. Ukisoma dmesg unakuta keneli iliandika kwamba TSC haitegemeki, ikaiacha na kuhamia HPET au acpi_pm. Pengine TSC haikuwa na kosa. Mgeni aliondolewa kwenye prosesa katikati ya ukaguzi, vipimo viwili visikubaliane, lawama ikaangukia TSC. Tangu hapo kila programu inapouliza saa, swali linabidi litoke ndani ya mgeni hadi kwa mwenyeji na kurudi, ilhali kwa TSC au kvm-clock lingejibiwa palepale. Hifadhidata inayouliza saa maelfu ya mara kwa sekunde itaona. Tazameni pia safu ya st kwenye top, inayoonyesha muda ambao mgeni alitaka prosesa akanyimwa. Ikiwa kubwa, mwenyeji amebebeshwa kupita uwezo wake, na hakuna mpangilio wa saa utakaoponya hilo. Punguzeni wageni.

Wanaotumia FreeBSD, mfumo mwingine wa seva, wasidhani wako salama. Kwao dalili huwa ni ujumbe wa calcru unaosema kwamba muda wa programu umerudi nyuma. Sysctl kern.timecounter.choice huorodhesha vyanzo vilivyopo, kila kimoja na alama zake za ubora, na kern.timecounter.hardware huonyesha kilichochaguliwa na hukubali kubadilishwa mashine ikiwa inafanya kazi. Kern.hz, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, kwa kawaida ni 1000. Matoleo ya sasa yakigundua yamo ndani ya mashine pepe hushusha yenyewe hadi 100, lakini ya zamani yanataka uandike mwenyewe kwenye /boot/loader.conf. Nimeona mashine ya FreeBSD iliyokuwa inaachwa nyuma kila siku ikitulia kwa mstari huo mmoja.

Na kabla ya kumgusa mgeni yeyote, mwangalieni mwenyeji. Ikiwa wageni wote wamekosea kwa kiasi kilekile, mgonjwa ni mwenyeji. Mpeni NTP nzuri yeye kwanza. Tangu Linux 4.11 ya mwaka 2017 kuna moduli iitwayo ptp_kvm inayomwezesha mgeni kuisoma saa ya mwenyeji moja kwa moja kama kifaa, kwa kawaida /dev/ptp0, na chrony huifuata kwa mstari wa refclock PHC. Kwa mashine zisizoruhusiwa kutoka nje ya mtandao wa ndani, sijaona njia safi kuliko hiyo.

Naomba, Mhariri, safu yenu imrudie msomaji yule. Mwambieni aiondoe cron, kisha awaletee mambo haya: saa inakosea kwa sekunde ngapi na kuelekea upande gani, inakosea polepole au kwa kuruka, na ikiruka, nini kilitokea kwa mashine saa hiyo. Ailinganishe na saa ya mwenyeji na nyingine ya tatu ya nje. Halafu anakili yaliyomo kwenye /proc/cmdline, chanzo cha muda kilichochaguliwa na vilivyopo, mistari ya dmesg yenye maneno tsc na clocksource, pamoja na matokeo ya chronyc tracking na chronyc sources. Katika hiyo ya mwisho atazame safu ya Reach. Namba hiyo huandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane: 377 maana yake majibu yote manane ya karibuni yamefika, na 0 maana yake hakuna hata moja, kwa hiyo akague kama UDP 123, mlango ambao NTP hupitia, umezibwa.

Akishayaleta hayo, yachapisheni pamoja na jibu. Kama mtapenda, niko tayari kuyasoma na kulisaidia dawati lenu kuliandika.

Msomaji wenu,
Msimamizi wa seva